"Hakuna Shida" Si Jibu: Mzio wa Chakula na Siku ya Burudani

Maandishi ya mazungumzo kwa wazazi, walimu na wenye mikahawa wa Kitengela na sehemu nyingine za Kaunti ya Kajiado, kuelekea likizo za shule



Ni Jumamosi ya likizo. Mama na watoto wake watatu wanashuka kwenye matatu kando ya barabara ya Namanga, hapa Kitengela. Wanalipa langoni, watoto wanabembea, wanapanda farasi, wanateleza hadi suruali zinachafuka. Saa nane mchana njaa inauma. Wanaketi mezani na mama anaagiza kuku, ugali na mboga. Mtoto wa pili, mwenye miaka saba, ana mzio wa njugu karanga. Basi mama anamuuliza mhudumu, "Mboga hii ina karanga?" Mhudumu ana meza sita zinazomsubiri. Anatabasamu na kujibu, "Hakuna shida, mama."

Familia hiyo ni ya mfano tu, lakini swali lake na jibu lake husikika kila wikendi katika viwanja vya burudani, mahoteli na sehemu za nyama choma kote katika kaunti. Mhudumu hakukusudia kudanganya. Alikusudia kumkaribisha mgeni. Lakini mama hakuuliza kama amekaribishwa. Aliuliza kuna nini ndani ya sufuria, na hilo halikujibiwa. Mazungumzo haya yanahusu swali hilo: namna ya kuliuliza, namna ya kulijibu, na la kufanya jibu likikosewa.

Mzio ni nini

Mzio wa chakula, au aleji kama wengi wanavyosema, hutokea kinga ya mwili inapokosea. Inaichukua protini ya chakula cha kawaida kana kwamba ni adui na kuishambulia. Vyakula vinavyosababisha mzio mara nyingi ni maziwa, mayai, samaki, kamba na kaa, njugu karanga, korosho na jamii yake, soya, ngano na simsim.

Mzio si kudeka, wala si mtoto kuchagua chakula. Tena si sawa na tumbo kutopatana na maziwa. Mtu ambaye tumbo lake haliwezi kusaga sukari ya maziwa hujaa gesi na kuharisha. Anasumbuka, lakini maisha yake hayamo hatarini. Mwenye mzio wa maziwa anaweza kuvimba koo na kushindwa kupumua. Tofauti hii inahitaji kueleweka vyema katika kaunti ya wafugaji. Nyanya anapompa mjukuu kibuyu cha maziwa, anampa upendo na heshima, na mtoto anayekataa huonekana amekosa adabu. Mzazi wa mtoto mwenye mzio wa maziwa ana kazi ya kuwaeleza wazee mapema, kwa heshima na kwa maneno wazi, kwamba mtoto hakatai mkono wa nyanya. Ni mwili wake unaokataa.

Chakula kinapojificha

Karanga nzima kwenye sahani kila mtu huiona. Hatari kubwa iko kwenye ile isiyoonekana.

Karanga iliyosagwa huungwa kwenye kunde, terere na hata sukuma wiki. Unga wa uji wa lishe mara nyingi huchanganywa na karanga na soya, na mwingine huwa na omena. Kebabu hupakwa yai kabla ya kukaangwa. Mandazi, keki na baadhi ya chapati huwa na maziwa au mayai. Soseji na smoki zinaweza kuwa na ngano au soya. Bajia nyingi hutengenezwa kwa unga wa dengu.

Kisha kuna vyombo. Chipsi ni viazi na mafuta tu, lakini mafuta hayo yakiwa ndiyo yaliyokaanga samaki asubuhi, chipsi hizo zina samaki ndani yake. Moto wa karai hauondoi protini inayoleta mzio. Nyama choma huonekana salama kabisa, mpaka ikatwe juu ya ubao uliotumika kwa chakula kingine na kwa kisu ambacho hakikuoshwa. Kuokota karanga juu ya kachumbari na kumrudishia mteja sahani ileile si kuondoa karanga, kwa kuwa mabaki yake yamebaki.

Kitengela inajulikana pia kwa ufugaji wa mbuni, na wageni hupenda kuonja kitu kipya. Protini za mayai ya ndege mbalimbali hufanana. Kwa hiyo mtu mwenye mzio wa yai la kuku asijaribu la mbuni, la bata wala la kware bila ushauri wa daktari.

Kabla ya kutoka nyumbani

Siku salama huanza siku moja kabla. Mzazi apige simu mahali wanapokwenda na aulize mambo matatu: mpishi anaweza kueleza kilichomo ndani ya kila chakula? Kuna karai au sufuria inayoweza kutumika kando? Je, mtoto mwenye mzio anaruhusiwa kuingia na chakula chake?

Swali la tatu lina uzito. Malangoni mengi huwa na bango lisemalo kwamba vyakula kutoka nje haviruhusiwi. Biashara ina haki ya kulinda jikoni mwake, lakini kwa mtoto huyu mkebe wa chakula kutoka nyumbani ni sawa na dawa. Mikahawa mingi ya Walt Disney World, Florida, Marekani, hutoa menyu maalumu kwa wenye mzio, na bado wageni huruhusiwa kuingia na chakula chao. Mahali pa Kajiado panaweza kufanya vivyo hivyo bila gharama yoyote: inatosha mlinzi wa lango aelezwe na meneja.

Mzazi aandike kadi ndogo, kwa Kiswahili na Kiingereza, yenye jina la mtoto, chakula kinachomdhuru, dalili zake, dawa yake na simu ya mzazi. Safari ikiwa ya shule, kadi hiyo apewe mwalimu mkononi, isiachwe ndani ya begi. Mwalimu naye ajue kabla ya basi kuondoka ni nani ana mzio, na hospitali iliyo karibu na mahali wanapokwenda ni ipi. Kwa safari ya Magadi au Amboseli, ambako mwendo wa kufika hospitali ni mrefu, hili lisiachwe hadi siku ya safari.

Mezani

Swali likiwa legevu, jibu nalo huwa legevu. "Hiki chakula kiko sawa?" humfanya mtu yeyote ajibu "ndiyo". Heri mzazi aseme: "Mtoto huyu akila karanga anaweza kufa. Tafadhali muulize mpishi kama kuna karanga kwenye mboga, kwenye mchuzi au kwenye mafuta." Neno "kufa" ni zito, lakini ndilo humfanya mhudumu atembee hadi jikoni badala ya kukisia.

Jibu likiwa "hakuna shida", mzazi aulize tena, au aombe kuzungumza na mpishi mwenyewe. Jibu likiwa "sijui", mhudumu ashukuriwe. "Sijui" ni jibu la kweli, na kwalo mzazi anaweza kuamua. Chakula chenye viungo vichache ndicho rahisi kukihakiki: yai la kuchemsha kwa asiye na mzio wa yai, ndizi inayomenywa mezani, kiazi kilichochemshwa kwenye maji safi.

Chakula cha pakiti nacho kisomwe kila mara, hata kile kilicholiwa mwezi uliopita, kwa kuwa viwanda hubadilisha viungo. Kiwango cha kuweka lebo kinachosimamiwa na Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS, kinataka vyakula vikuu vinavyosababisha mzio vitajwe kwenye pakiti. Chipsi za karai, keki ya kukatwa na mandazi ya kikapuni hayana lebo. Hapo lebo ni mdomo wa muuzaji.

Lebo isiyosema kweli huua. Julai 2016, Natasha Ednan-Laperouse, msichana Mwingereza wa miaka 15, alikula mkate uliotiwa vitu ndani, ulionunuliwa katika uwanja wa ndege wa Heathrow, London. Alikuwa na mzio wa simsim. Simsim ilikuwa imekandwa ndani ya unga na karatasi ya mkate haikuitaja. Alifariki siku hiyohiyo. Wazazi wake walipigania mabadiliko, na tangu Oktoba 2021 sheria inayoitwa kwa jina lake inawataka wauzaji wa Uingereza kuandika viungo vyote kwenye chakula kinachofungwa palepale dukani. Simsim hiyohiyo inauzwa hapa kwa vipande vitamu kando ya barabara na kunyunyizwa juu ya mikate.

Kwa wenye mikahawa na viwanja

Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji kuhusu bidhaa na huduma, na haki ya kulindwa afya na usalama wake. Jedwali la Nne la Katiba hiyohiyo limezipa serikali za kaunti kazi ya kutoa leseni na kudhibiti biashara zinazouzia umma chakula, pamoja na kusimamia sehemu za burudani. Mteja anayeuliza kilichomo ndani ya mboga haombi fadhila.

Wengi wenye mikahawa husema, "Wahudumu wetu wote wana cheti cha afya." Ni vizuri, na ni lazima. Lakini cheti hicho kinaonyesha kwamba mhudumu hana ugonjwa wa kuambukiza kama homa ya matumbo. Hakionyeshi kwamba anajua karanga iko kwenye sufuria gani. Hilo hufundishwa kila asubuhi, kabla ya wateja kufika, kwa dakika kumi.

Hatua zenyewe ni nyepesi. Mpishi aandike kwenye karatasi kila chakula cha siku na viungo vyake, na karatasi hiyo ibandikwe mahali wahudumu wote wanapoiona. Ubao mmoja, kisu kimoja na sufuria moja vitengwe. Mikono ioshwe kwa sabuni, kwa kuwa dawa ya kupaka mikononi huua vijidudu lakini haiondoi mabaki ya karanga. Mhudumu aambiwe wazi kwamba hatafokewa kwa kusema "sijui, ngoja niulize". Na jikoni likishindwa kumhudumia mteja kwa usalama, liseme hivyo. Hasara ya sahani moja hulipika.

Mambo yakiharibika

Dalili huanza kwa kawaida ndani ya dakika chache hadi saa mbili baada ya kula: vipele vinavyowasha, midomo au macho kuvimba, kutapika, tumbo kuuma. Hatari kuu ni sauti kukwaruza, kikohozi kisichokoma, kifua kubana, pumzi kupiga mluzi, kizunguzungu au kuzirai. Hapo hakuna kungoja.

Dawa ya kwanza ni adrenalini, inayodungwa kwenye msuli wa paja upande wa nje. Aliyeandikiwa sindano yake na daktari aitumie mara moja. Asiye nayo akimbizwe hospitali iliyo karibu, na walio langoni pa hospitali waambiwe maneno haya: "Ni mzio mkali wa chakula, anashindwa kupumua." Piriton hupunguza kuwasha, lakini haifungui koo lililofunga. Kumpa mtoto Piriton na kungoja aone nafuu kumechelewesha wengi.

Mgonjwa alazwe chali, miguu iinuliwe. Akishindwa kupumua, aketi akiwa ameegemea. Asisimamishwe ghafla wala asitembezwe hadi kwenye gari, abebwe. Asilazimishwe kutapika. Na asipewe maziwa. Desturi ya kumnywesha maziwa mtu aliyekula kitu kibaya ina mizizi mirefu, lakini kwa mtu wa namna hii haisaidii, na kama mzio wenyewe ni wa maziwa, ni kumwongezea moto. Akipata nafuu bado afike hospitali, kwa kuwa dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baadaye.

Nambari za dharura ni 999 na 112. Tena Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Asiyekuwa na pesa mfukoni asikae nyumbani kwa kuogopa bili.

Mzazi anayeshuku kwamba mtoto ana mzio ampeleke kituo cha afya, akiwa ameandika alichokula, saa aliyokila na kilichofuata. Asimjaribu nyumbani kwa kumlisha kidogokidogo. Na mteja aliyepewa habari za uongo kuhusu chakula anaweza kumwona afisa wa afya ya umma wa eneo lake.

Turudi kwenye meza ile ya Kitengela. Mama ameuliza tena. Safari hii mhudumu ameweka trei chini na kwenda jikoni. Anarudi na kusema, "Mama, mboga imeungwa karanga, na mwiko ndio uleule wa mchuzi. Kuku amechomwa kando, na ugali haujaguswa na mwiko huo." Mtoto anakula kuku na ugali, ananawa mikono, na anarudi kwenye bembea. Jibu hilo lilichukua dakika tatu.