MAUMIVU YA MGONGO: PICHA PEKE YAKE HAIMHUKUMU MTU

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi)



Nimeombwa nizungumze juu ya maumivu ya mgongo, na sababu yake inaeleweka. Wanachama wetu huinama shambani kutwa, na wapagazi wetu hubeba magunia ghalani msimu mzima. Wengi wanaoumwa mgongo hupata nafuu katika majuma machache. Wapo, hata hivyo, ambao maumivu hayawatoki hata baada ya miezi mitatu. Hao hukopa fedha wakapigwe picha ya MRI mjini, wakarudi na karatasi isemayo kwamba diski zao zimechakaa. Tangu siku hiyo hujihesabu kuwa vilema. Nayo kamati ya chama, pengine kwa nia njema, huweza kumwondoa mtu kazini kwa ajili ya karatasi hiyo.

Tuanze na mgongo wenyewe. Uti wa mgongo una pingili 24 zinazojongea, na zile 5 za kiunoni ndizo zibebazo uzito mwingi. Kati ya pingili na pingili mna diski, mfano wa mto mgumu wenye ute ndani yake. Kadiri umri unavyosonga, diski hupungukiwa maji, hupungua kimo, na pengine hutuna pembeni. Huko ndiko kuchakaa kunakoandikwa. Ni mvi za ndani ya mwili.

Mwaka 2015 watafiti walikusanya matokeo ya chunguzi 33 zilizohusu watu 3,110 wasioumwa mgongo. Miongoni mwa wenye umri wa miaka 20, watu 37 katika kila 100 walikuwa na diski zilizochakaa. Miongoni mwa wenye miaka 80, walikuwa 96. Diski zilizotuna zilionekana kwa watu 30 na 84 katika kila 100. Basi, picha ya mtu anayeumwa ikionyesha mambo yayo hayo, twawezaje kuapa kwamba ndiyo yanayomuumiza? Picha huonyesha umbo. Maumivu hayapigwi picha.

Sisemi kwamba kipimo hakina kazi. Picha hupata maana inapokubaliana na mwili. Mtu akiumwa tangu kiunoni hadi unyayo wa kushoto, na picha ikaonyesha diski inayoubana mshipa wa fahamu wa upande huo huo, hapo pana ushahidi. Na hata hivyo, diski ya namna hiyo mara nyingi husinyaa yenyewe bila upasuaji.

Zipo dalili zisizongoja. Mgonjwa akishindwa kuzuia haja, au mkojo ukakataa kutoka, akifa ganzi makalioni na sehemu za siri, au mguu ukilegea, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Vilevile asicheleweshwe mwenye homa, jasho la usiku na kukonda, kwa kuwa kifua kikuu hushambulia pia uti wa mgongo. Wala aliyewahi kuugua saratani, wala aliyeanguka kutoka mtini. Kwa hao, kipimo huweza kuokoa maisha.

Mwenye karatasi mkononi amwulize daktari mambo matatu. Kwanza, je, kilichoonekana kinalingana na mahali ninapoumwa? Pili, je, watu wa umri wangu wasioumwa huwa nacho pia? Tatu, je, jibu hili litabadili matibabu yangu? Kama jibu la swali la tatu ni hapana, hakuna haja ya kukopa tena kwa ajili ya picha nyingine.

Maumivu yanayodumu hulishwa na mambo mengi: misuli iliyolegea, mishipa ya fahamu iliyozoea kupiga kelele, kukosa usingizi, wasiwasi, na hofu ya kujongea. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, lilipendekeza elimu na mazoezi, wala halikupendekeza mikanda ya kiuno kuwa matibabu ya kawaida. Kulala kitandani miezi mizima hudhoofisha mgongo. Mgonjwa atembee, aongeze kazi kidogo kidogo.

Ndugu Wajumbe, sisi nasi tuna wajibu. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza kwamba mwanamume mzima asibebeshwe kwa mikono zaidi ya kilo 55. Gunia la kahawa lina kilo 60. Basi magunia yabebwe na watu wawili, au yasukumwe kwa mkokoteni. Na mpagazi anayeumwa apewe kazi nyepesi kwa muda, asifukuzwe kwa sababu ya picha. Kabla ya kuisoma karatasi yake, kamati imwulize kwanza mwenyewe anaweza nini.