Uzio wa Mizinga Sagalla: Utafiti Unapotafuta Soko



Nimeombwa nizungumzie namna utafiti wa viumbe hai unavyoweza kuzaa biashara. Mfano tunao hapa hapa Ndara, katika vijiji vya Mwakoma na Mwambiti chini ya mlima Sagalla, ambako mashamba yanapakana na Mbuga ya Tsavo Mashariki.

Mwaka 2002, Fritz Vollrath na Iain Douglas-Hamilton walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba ndovu hukwepa miti iliyotundikwa mizinga yenye nyuki. Mwaka 2007, Lucy King, aliyekuwa akisomea uzamifu Chuo Kikuu cha Oxford, alithibitisha pamoja nao kwamba ndovu hutimka hata wakisikia tu sauti ya nyuki waliochokozwa, iliyorekodiwa. Ngozi ya ndovu ni nene, ila machoni na ndani ya mkonga mwiba unapenya.

Hapo ndipo ulipozaliwa uzio. Mizinga hutundikwa kuzunguka shamba na kuunganishwa kwa waya, huku kati ya mzinga na mzinga kukiwekwa mzinga bandia wa mbao ili kupunguza gharama. Ndovu akiusukuma waya usiku, mizinga inayumba na nyuki wanatoka.

Je, unafanya kazi? Wakulima wa Sagalla wenyewe ndio waliotoa mashamba yao yapimwe. Matokeo ya miaka tisa, yaliyotolewa 2024 kutoka mashamba 26, yanaonyesha kwamba katika misimu ya mazao uzio ulizuia hadi asilimia 86 ya ndovu waliosogea. Kwa mtu aliyelala macho akipiga debe kuwafukuza, hilo si jambo dogo.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapa ndipo wengi tunapojidanganya. Asali iliyovunwa katika utafiti huo ilikuwa kama tani moja, ikauzwa kwa dola 2,250 hivi. Gawanya kwa mashamba 26: kila shamba halifikishi dola 90 kwa kipindi chote. Mkulima hawezi kulipa mkopo wa mizinga kwa kiasi hicho. Tena nyuki hawataki ahadi zetu. Ukame wa 2017 uliwafanya wahame mizinga, na ilichukua miaka kadhaa kabla hawajarudi kwa wingi. Mwaka usio na maua ndio pia mwaka ambao ndovu wana njaa.

Kwa hiyo naomba tusiuite uzio huu mradi wa asali. Bidhaa yake kuu ni gunia la mahindi, pojo na kunde lililofika nyumbani badala ya kukanyagwa. Asali ni nyongeza nzuri, na ikisafishwa na kufungashwa hapa Voi, ikapata alama ya Shirika la Viwango, itapata bei kubwa kuliko inayouzwa kwa ndoo barabarani. Nta nayo isitupwe. Fundi seremala wa kijijini anaweza kuwa wa kwanza kupata faida, kwani kila uzio unahitaji mizinga, paa za kivuli na matengenezo ya waya mwaka hadi mwaka.

Watafiti hawakuufungia uzio nyuma ya hataza. Mwongozo wa kuujenga ulitolewa bure, na leo nyuzio za aina hii zipo katika nchi nyingi za Afrika na Asia. Naona walifanya haki, kwa sababu mwenye kuhitaji ujuzi huu zaidi ndiye asiye na uwezo wa kuununua. Lakini uamuzi huo unaacha swali la mtaji bila jibu. Ndovu wa Tsavo huingizia taifa fedha za utalii. Anayewalisha bila kutaka ni mkulima wa Sagalla. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inatambua fidia kwa mazao yaliyoharibiwa. Kwa nini sehemu ya fedha za fidia isitumike kujenga uzio kabla ya hasara?

Napendekeza wanafunzi wa biashara na wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Taita Taveta wakae na wakulima wa Mwakoma msimu ujao, wapige hesabu ya ekari moja: gharama ya uzio, mazao yaliyookolewa, asali ya mwaka wa mvua na ya mwaka wa kiangazi. Hesabu hiyo ipelekwe kwa serikali ya kaunti kabla ya bajeti kusomwa.