Zimwi Lipigalo Chafya
Wasikilizaji wetu wa mwambao wa Tanga, tangu Pangani hadi Moa, mtoto aliyekuzwa kwa hadithi za mazimwi na kutishwa kwa popobawa, shetani ambaye hofu yake mwaka 1995 iliwafanya hata watu wazima wa Pemba walale nje makundi kwa makundi, hawezi kuamriwa tu alale taa ikishazimwa; asomewe kwanza kitabu. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa nchini mwaka 1991, umesaidia kupatikana kwa vitabu vya Kiswahili vyenye picha; na kwa rai yangu, kilicho bora kwa wakati wa kulala ni kile ambacho zimwi lake limechorwa likipiga chafya, kikoi kikilivuka, kwani mtoto akishalicheka hulitaja mwenyewe, na hofu iliyotajwa mzazi huweza kuijibu. Bibi asiyejua kusoma naye asizuiliwe: aonyeshe picha, na chafya aipige yeye.