Kabla ya Ngao na Winchi, Pima Uzito

Msikilizaji, pikapu inayoandaliwa kwa safari za porini huuawa na uzito mara nyingi kuliko mawe. Nalitaja hili mapema kwa sababu pesa nyingi zinazopelekwa gereji siku hizi zinanunua vyuma: ngao mbele, bampa la chuma nyuma, keria juu, winchi, safu ya taa. Kila kimoja kina kazi yake. Lakini ni wachache wanaokaa na fundi na kuvijumlisha kwa kilo.

Tujumlishe basi. Pikapu ya kawaida ya dabo kebini imeundwa kubeba takriban tani moja, na tani hiyo inahesabu pia watu waliokaa ndani. Watu wazima wanne ni kilo 300 hivi. Ngao ya chuma pamoja na winchi yake ni kama 100. Kava la nyuma na hema la juu ya paa huweza kufika 130. Lita 60 za maji ni kilo 60, hakuna namna ya kuzipunguza. Madumu mawili ya dizeli ya lita 20 ni kilo 34. Bado tairi la pili la akiba, jokofu, betri ya ziada, vyombo, chakula, mabegi, jeki na spana. Tani inakaribia kwisha, na safari haijaanza.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo linalovunja magari. Kwenye dabo kebini, sehemu kubwa ya bodi ya mizigo inaning'inia nyuma ya ekseli. Ukifunga bampa zito mkiani, ukaning'iniza tairi hapo, ukapanga na madumu ya maji kando yake, kila shimo unaloingia linaisukuma ile nyuma chini na kuinua mbele. Chasisi inakunjwa, inanyooka, inakunjwa tena, na hatimaye inapinda mahali pale pale: nyuma kidogo ya kebini. Ukiona mwanya kati ya kebini na bodi ni mpana juu kuliko chini, simamisha safari. Kuongeza springi ngumu hakuponyi chasisi. Springi ngumu huficha uzito tu, gari likasimama sawa huku fremu ikiendelea kuteseka. Mzigo mzito ukae mbele ya ekseli ya nyuma, chini, karibu na kebini. Kupanga hivyo hakugharimu hata shilingi.

Wengi hupenda kuinua gari inchi mbili. Ni sawa, ila tujue tunanunua nini. Springi ndefu huinua bodi na chasisi. Difu la nyuma linabaki pale pale lilipokuwa, kwa sababu limekaa kwenye ekseli, na ekseli imekaa kwenye tairi. Kinachoinua difu ni tairi kubwa peke yake. Chukua tairi la 265/65R17, linalofungwa kwenye pikapu nyingi, ulibadilishe kwa 285/70R17. Kipenyo kinaongezeka milimita 54, kwa hiyo difu linapanda karibu sentimita tatu. Hapo hapo mshale wa mwendo unaanza kudanganya: ukisoma 100, unakwenda kama 107. Breki zinafanya kazi zaidi, gari linakuwa zito kuondoka, na dizeli inaondoka upesi.

Kwangu mimi, fedha ya kwanza iende kwenye matairi imara yenye ubavu mgumu, kompresa ndogo na geji ya upepo. Njia ya kutoka Mto wa Mbu kwenda Engare Sero, chini ya Ol Doinyo Lengai, ina mawe ya volkano yanayokata ubavu wa tairi, kisha mchanga na majivu laini, kisha makorongo. Kwenye lami umejaza upepo wa psi 35. Kwenye mchanga shusha hadi 20 au 18. Tairi linalala, linarefuka pale linapogusa ardhi, na uzito uliokuwa unachimba unasambaa. Endesha taratibu, usikate kona ghafla, na ujaze tena kabla ya kurudi lami, maana tairi lenye upepo mdogo kwenye mwendo mkubwa huchemka hadi kupasuka. Dakika chache hizi za kushusha na kujaza zimewatoa watu mchangani mara nyingi kuliko winchi, ambayo inataka mti wa kufungia, na kule Ziwa Natron, njia hiyo inakoelekea, miti ni ya kutafuta.

Tuje kwenye mkonga, lile bomba la kuvutia hewa ya injini, uliozipa jina Land Cruiser zetu za mfululizo wa 70, magari yaliyoanza kutengenezwa mwaka 1984. Faida yake ya kila siku ni vumbi: injini inavuta hewa ya juu, iliyo safi kuliko ile inayotimuliwa na magurudumu. Kwenye maji unasaidia pia, kwa kuwa maji hayabanwi kama hewa, na yakiingia kwenye silinda konrodi hupinda. Ila kila kiungio kiwe kimezibwa barabara, na mipira ya vipumulio vya difu na gia boksi ipandishwe juu. Difu lenye joto likiingia kwenye maji baridi huyanyonya ndani. Na maji yanayokwenda kasi hulisukuma gari lenye mkonga kama lisilo nao.

Ndani ya hifadhi zetu za taifa, kuacha barabara zilizowekwa ni marufuku, hata kama gari lako lina uwezo wote huo. Nje ya hifadhi nako kuna ardhi inayostahili heshima hiyo hiyo. Ziwa Natron ndipo heroe wadogo wa Afrika Mashariki wanapozaliana, na karibu na Engare Sero zipo nyayo za binadamu wa kale, zaidi ya 400, zilizogandishwa kwenye majivu ya volkano. Gamba la magadi ukingoni mwa ziwa ni jembamba, na chini yake kuna tope lisilo na mwisho. Acha pikapu kwenye ardhi ngumu, mlipe kijana wa pale anayeijua njia, mtembee kwa miguu.