Ndege za Vita, Bei Yake na Kazi Yake

(Maneno yaliyosomwa na wafanya kazi wa reli katika mkutano wa Kanyakine, Meru. Yamepigwa chapa kwa ombi la wanachama waliokuwa zamu siku ile.)



Sisi tulioleta maneno haya ni wazaliwa wa huku, ila mkate wetu tunautafuta mbali, kwa sababu mnayoijua: reli ilifika Nanyuki ikaishia pale, haikuzunguka mlima kuja kwetu. Elimu yetu ni ile ya shule ya msingi ya misheni. Mambo ya anga hatukuyasomea. Lakini kazi yetu ni mashine, na mtu wa mashine ajua kwamba kila mashine ina bei mbili, bei ya kuinunua na bei ya kuiweka hai.

Ubishi wenyewe ulianzia karakana, wakati wa chai. Mmoja wetu alikuwa na gazeti lenye picha ya ndege mpya ya Marekani iitwayo F-35. Akasema Kenya nayo ingepaswa kuwa na ndege kama hizo. Mwingine akamjibu kwamba saa moja tu ya kuirusha ndege ile hula dola 30,000 na zaidi, na kwamba Wamarekani wenyewe wamehesabu kuwa kuzinunua zote na kuzitunza mpaka zizeeke kutawagharimu zaidi ya dola trilioni 1.7. Basi kelele zikaanza. Zikaendelea wiki mbili. Watu wawili waliokuwa wakila sufuria moja wakaacha kula pamoja. Ndipo halmashauri ya tawi ikasema: leteni jambo hili nyumbani, mkaulize wazee, maana wao waliziona ndege za vita zikifanya kazi, nanyi mnaziona katika gazeti tu.

Na ni kweli. Katika Kenya nzima hakuna watu wanaoweza kutoa ushahidi juu ya jambo hili kuliko watu wa mlima huu na wa Nyandarua.

Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Mwezi Machi 1953 zikaja Harvard kutoka Rhodesia. Harvard ilikuwa ndege ya kuwafundishia warubani, ndogo, yenye bunduki moja ya mtombo na mabomu madogo ya ratili 20. Serikali ikaona hazitoshi. Novemba 1953 zikaja Lincoln kutoka Uingereza, ndege kubwa zenye injini nne, zilizotengenezwa kwa ajili ya kuvunja miji. Hizo zilibeba mabomu ya ratili 500 na ratili 1,000. Mwaka 1954 zikaja hata ndege za jeti kwa muda mfupi, Vampire kutoka Aden. Mabomu yakamwagwa juu ya msitu mpaka katikati ya mwaka 1955, Lincoln ziliporudi kwao.

Sasa fikirini, ndugu. Bomu la ratili 1,000 limeundwa kuangusha kiwanda. Likiangushwa katika mianzi, laangusha nini? Rubani yuko juu ya mawingu ya mlima, chini yake ni majani futi kwa futi, na watu anaowatafuta wako kumi hapa, ishirini kule, nao wamesikia mngurumo wa injini kabla yeye hajafika. Mzee mmoja wa upande huu alituambia hivi: “Tulipozisikia tulihama. Aliyebaki ni ndovu.” Na hilo lajulikana sana, kwamba ndovu, vifaru na nyati waliuawa na wengine wakajeruhiwa, na mnyama aliyejeruhiwa akawa hatari kwa kila mtu aliyepita, mpiganaji na askari vilevile.

Hatutaki kusema uongo kwa kuwa tuko nyumbani. Zipo kazi ambazo ndege zilifanya. Ndege ndogo za polisi, Piper Pacer, zilizunguka kila siku zikitazama moshi na njia mpya, zikawapelekea habari askari wa chini. Hizo zilikuwa nafuu kabisa, nazo ndizo zilizowasumbua watu wa msituni zaidi. Tena mabomu yalitia hofu. Wako waliotoka msituni wakisema wamechoka na mngurumo, na baridi, na njaa. Hayo Waingereza waliyaandika, nasi tunayakubali. Lakini tunauliza: ni nani katika wakubwa wa msitu aliyepatikana kwa Lincoln?

Jenerali China, Waruhiu Itote, aliyeongoza Mlima Kenya, alijeruhiwa na kushikwa Januari 1954 katika kukutana na askari wa miguu. Dedan Kimathi alipigwa risasi tarehe 21 Oktoba 1956 ukingoni mwa msitu wa Nyeri na askari wa kikabila mwenye bunduki, na wakati huo Lincoln zilikuwa zimeondoka zaidi ya mwaka mmoja. Na Musa Mwariama wetu wa Meru, huyo hawakumshika kamwe. Alitoka mwenyewe msituni uhuru ulipopatikana mwaka 1963, na watu wa huku walimwona kwa macho mpaka alipofariki mwaka 1989.

Kilichoufunga msitu ni kitu kingine, na hapo ndipo nyanya mmoja alipotukatiza tulipokuwa tukikusanya habari hizi. Alisikiliza hesabu zetu za ratili na dola, kisha akasema, “Wajukuu zangu, mnahesabu vitu vya juu. Njooni niwaonyeshe cha chini.” Akatupeleka mahali penye bonde dogo lililojaa nyasi, ng’ombe wakilisha. Lilikuwa handaki. Yeye alilichimba, na mama yake alilichimba, pamoja na wanawake wengine waliotolewa katika vijiji vya kulazimishwa kila asubuhi, ili chakula kisipite kwenda msituni. Hakulipwa hata senti moja. Akasema ndege alizisikia akiwa ndani ya handaki na jembe mkononi, hakuinua kichwa, maana aliyeinua kichwa alichapwa.

Basi silaha kubwa ya vita vile ilikuwa jembe la mwanamke asiyelipwa. Inasemwa kwamba Hali ya Hatari iliwagharimu Waingereza na koloni pauni milioni 55 hivi. Sisi watu wa chama tunaona kwamba katika hesabu hiyo mshahara wa nyanya haumo.

Mara ya pili msitu wetu kupigwa mabomu ni wakati wa Kenya huru, na wengi hawakumbuki. Serikali ilinunua kutoka Marekani ndege za jeti za F-5, zikafika mwaka 1978, zikawekwa Nanyuki. Tarehe 1 Agosti 1982 baadhi ya askari wa jeshi la anga waliasi. Pale Nanyuki wakawalazimisha marubani kwa bunduki wapande ndege na kwenda Nairobi kupiga Ikulu. Marubani wakakubali kwa mdomo. Walipokwisha kupaa wakayaangusha mabomu katika msitu wa Mlima Kenya, wakarudi. Sisi tunawasifu marubani wale. Lakini angalieni jinsi kitu hiki kilivyo: mwaka ule silaha ya bei kubwa kuliko zote katika nchi ilikaribia kuwapiga walioinunua, na kilichotuokoa ni akili ya watu wachache waliokuwa na bunduki kisogoni.

Libya nayo ilijifunza. Machi 1979, katika vita vya Uganda na Tanzania, Gaddafi alituma ndege kubwa ya Tupolev ipige Mwanza. Mabomu yalikosa shabaha yakaangukia kisiwa cha Saanane, penye hifadhi ya wanyama, yakaua swala. Inaonekana wanyama wa Afrika Mashariki wana deni na watengeneza ndege.

Turudi kwenye fedha. Karibu na mwaka 2008 serikali yetu ilinunua ndege 15 za F-5 zilizokwisha kutumiwa na Jordan, kwa shilingi bilioni 1.5 hivi. Kulikuwa na maneno mengi juu ya uzee wake. Mwaka 2020 reli ya kale ya Nanyuki, ambayo nyasi zilikuwa zimeota katikati yake, ilifufuliwa kwa shilingi bilioni 1.8 hivi, na jeshi lenyewe likatoa watu wa kusaidia kazi. Twajua shilingi ya 2008 si shilingi ya 2020, msitucheke. Lakini gari moshi lile lilianza kubeba abiria na mafuta, na hata likienda polepole, laenda.

Sasa twafika mahali pagumu, na hapa tunaomba kimya.

Katika wale wawili walioacha kula pamoja, yule aliyezitaka ndege ni ndugu yetu aliyempoteza binti wa dada yake katika Chuo Kikuu cha Garissa, tarehe 2 Aprili 2015. Waliouawa siku ile walikuwa 148. Siku chache baadaye jeti zetu zilikwenda zikapiga kambi za al-Shabaab katika jimbo la Gedo, Somalia. Ndugu yetu alituambia waziwazi: “Niliposikia habari ile nililala usingizi kwa mara ya kwanza. Ninyi mnaweka hesabu. Mimi sikutaka hesabu.” Hatukuwa na neno la kumjibu, na hata leo hatumwambii kwamba alikosea kulala.

Lakini yule mwenzake, aliyekuwa akila naye, alimjibu baadaye kwa upole. Alisema: “Ndugu, asubuhi ile uliihitaji ndege gani?” Maana shambulio lilianza alfajiri. Kikosi maalumu cha polisi kilichoweza kulimaliza kilikuwa Nairobi, kikingoja usafiri, kikafika Garissa mchana, baada ya waandishi wa habari waliokwenda kwa motokaa. Kilipoingia jioni kazi yenyewe haikuchukua muda mrefu. Jeti zilikuwako siku ile. Iliyokosekana ni ndege ya kawaida ya kubebea watu, iliyo tayari, yenye mafuta, na rubani aliyelala karibu nayo.

Ndugu yetu alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema kitu ambacho nasi tumekifikiria sana: kwamba nchi isiyo na meno huchezewa, na kwamba majirani wananunua. Uganda mwaka 2011 ilitoa dola zaidi ya milioni 700 kwa ndege 6 za Urusi aina ya Sukhoi pamoja na zana nyingine. Akauliza, je, tukae na panga? Swali lake ni la haki. Wengine wetu waliona twahitaji jeti chache zilizotunzwa vizuri. Wengine walikumbusha habari ya Jilib, Oktoba 2011, ambapo Madaktari Wasio na Mipaka walisema kambi ya wakimbizi ilipigwa na watoto wakawa miongoni mwa waliokufa, ingawa jeshi lilikana. Wengine wakataja helikopta tatu za Uganda zilizokuwa zikienda Somalia Agosti 2012 zikaangukia mlima huu huu kwa wingu na baridi, bila adui yeyote.

Tulipopiga kura katika tawi, hoja ilikuwa hii: kwamba chama kiombe Bunge litangaze kila mwaka gharama ya kutunza ndege za vita, kama sisi tunavyoandika gharama ya kila injini inayoingia karakana, na kwamba ndege za kubebea watu na wagonjwa zitangulie. Hoja ilipita, watu 23 kwa 9. Ndugu yetu hakupiga kura upande wowote. Amesema ataandika maneno yake mwenyewe, nasi tumemwekea ukurasa katika toleo lijalo. Na sufuria wameanza tena kula pamoja.

Nyanya ameomba tuseme kwamba handaki bado lipo, na atakayetaka kuliona amwulize mtoto yeyote njiani.