Juma la Kwanza Darasani: Utaratibu Nao Hufundishwa

Mada hii ilitolewa kwa walimu wa darasa la kwanza, wazazi na wajumbe wa kamati za shule walipokutana kujiandaa na kufunguliwa kwa shule mwezi Januari.



Niliombwa nizungumzie namna ya kuwapokea watoto wapya wa darasa la kwanza. Nimeona nibaki kwenye siku tano tu, yaani Jumatatu hadi Ijumaa ya juma la kwanza. Kwa uzoefu wangu, mtoto huamua ndani ya siku hizo kama shule ni mahali pake au si pake. Wengi wanaokuja kuitwa watoro ifikapo mwezi Machi walianza kujificha njiani katika juma hilo hilo.

Walimu wa umri wangu wanakumbuka jinsi madarasa yalivyojaa mwaka 2002, ada ya shule ya msingi ilipokuwa imeondolewa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulipoanza. Yalijaa tena Januari 2016, michango nayo ilipofutwa. Yote mawili yalikuwa mambo mema. Lakini kiwango kilichowekwa na serikali ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, na wengi wenu mnalijua darasa lenye watoto 90 na mwalimu mmoja. Mwalimu wa namna hiyo hujisemea: sina muda wa kufundisha watoto kupanga mstari, acha nianze na irabu leo leo. Namuelewa, ila hesabu inamkataa.

Tuihesabu pamoja. Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30. Ikiwa kugawa madaftari na kutulizana kunachukua dakika 10, theluthi ya kipindi imekwenda. Tuseme hilo linatokea katika vipindi viwili tu kwa siku. Kwa siku 194 za masomo katika mwaka, ni dakika 3,880, sawa na vipindi 129 vizima. Mwalimu aliyeogopa kupoteza siku tano za kufundisha utaratibu anapoteza vipindi 129 vya kusoma, kuandika na kuhesabu, na sauti yake pia.

Utaratibu nao ni somo kama masomo mengine. Huonyeshwa, hujaribiwa, hurudiwa, na anayekosea huonyeshwa tena. Daktari Maria Montessori wa Italia, aliyefungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907, alieleza katika maandishi yake kwamba siku moja aliwafundisha watoto kupenga kamasi kwa leso. Alidhani watacheka. Walimtazama kwa makini, kisha wakampigia makofi. Watoto wale walikuwa wamezoea kugombezwa kwa sababu ya kamasi, na hakuna mtu mzima aliyewahi kukaa nao akawaonyesha la kufanya. Je, sisi tumewagombeza wangapi kwa jambo ambalo hatujawaonyesha?

Naomba nianze na choo, na mnivumilie, maana nitakaa hapo kidogo. Tunamwambia mtoto, "Ukibanwa, omba ruhusa." Mtoto huyo nyumbani hajawahi kuomba ruhusa ya namna hiyo, huenda nyuma ya nyumba akarudi. Hapa shuleni haijui njia ya chooni, hajui tundu la wasichana ni lipi, na wakubwa wa darasa la sita wamesimama mlangoni. Anajibana. Mwishowe anajikojolea kwenye dawati, wenzake wanamcheka, na kesho yake anatoka nyumbani na begi lake lakini shuleni hafiki. Kwenye daftari la mahudhurio tunaandika mtoro.

Kwa hiyo Jumatatu, kabla ya chaki kugusa ubao, lipelekeni darasa zima chooni kwa miguu. Waonyesheni upande wa wavulana na upande wa wasichana, namna ya kufunga mlango, maji yako wapi, na namna ya kunawa kwenye kibuyu chirizi. Wakanyage kile kijiti mmoja mmoja mpaka maji yatoke. Najua watoto 90 kwenye kibuyu kimoja ni asubuhi nzima. Basi iwe asubuhi nzima. Kisha wekeni nyakati za kwenda wote, na kwa atakayebanwa katikati ya kipindi, mpeni ishara moja rahisi ya mkono, asilazimike kusimama na kutangaza haja yake mbele ya watu.

Hapo panaingia suala la lugha. Katika vijiji vyetu vingi mtoto anakuja na Kisukuma, Kigogo au Kihaya, na Kiswahili anakisikia redioni. Juma la kwanza mfundisheni sentensi nne azijue kwa moyo: naomba kwenda chooni, naumwa, sina penseli, sijaelewa. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote, hata kwa watu wazima. Kama unaijua lugha ya nyumbani kwake, mweleze kwa lugha hiyo kwanza halafu kwa Kiswahili. Sioni kosa lolote katika hilo.

Halafu majina. Shule moja niliyoitembelea, mtoto aliandikwa hayupo siku nne mfululizo ilhali ameketi dawati la mbele. Jina lililokuwa kwenye daftari lilikuwa la ubatizo, na nyumbani hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Alisikia jina la mtu mwingine likiitwa, akanyamaza. Wazazi, wakati wa kumwandikisha mtoto mtajieni mwalimu na jina analoitwa nyumbani, na mtoto naye mfundisheni lile la kwenye cheti. Walimu, kipande cha boksi na uzi shingoni kinatosha kwa siku hizo tano. Mtoto anayeitwa "wewe mwenye shati jekundu" hajapokelewa bado.

Kuhusu kuingia darasani, kukaa na kugawa vifaa nitapita haraka, maana mambo haya mnayafanya. Chagueni njia moja na msiibadilishe kila siku. Dawati liwe na mtoto mmoja wa kupokea madaftari ya wenzake, na abadilishwe kila juma ili wenye aibu nao wapate zamu. Visoda vya kuhesabia vikae kwenye kopo, kopo likae mahali pake. Amri ya kunyamaza iwe ishara, kwa mfano makofi matatu ambayo watoto wanayajibu. Fimbo isiwe ishara. Anayechapwa kwa kutojua mstari uko wapi atakachojifunza ni kukaa mbali na mstari.

Sasa wazazi, na hili ni lenu. Kuna maneno tunayasema mtoto akiwa mkaidi nyumbani: "Ngoja uanze shule, mwalimu atakunyoosha!" Tumeyasema miaka miwili, halafu Januari tunashangaa mtoto analia getini na kung'ang'ania kanga ya mama. Mwacheni mwalimu awe mtu wa kuamkiwa shikamoo, asiwe zimwi. Kabla ya kufungua shule, tembeeni naye njia ile mara mbili tatu, mjue mto unajaa wapi na nani wa jirani atafuatana naye. Alale mapema. Anywe uji kabla ya kutoka, hata kama ni kikombe kimoja, kwa kuwa mwenye njaa hasikii maelekezo.

Na sare isiwe sababu ya kumchelewesha. Mtoto anayeletwa mwezi Februari kwa kuwa fundi cherehani alichelewa kumaliza kaptula anakuta wenzake wanajua kila kitu, yeye ndiye anayechekwa. Mleteni siku ya kwanza na nguo safi aliyonayo. Ninawaomba walimu wakuu wasimrudishe. Hata hivyo wapo watakaochelewa, kwa ugonjwa au msiba. Mwalimu ampe kila mmoja wao mwenzake wa kukaa naye dawati moja na kufuatana naye kila mahali kwa siku tano, chooni, mstarini na kwenye uji. Mtoto humfundisha mtoto mwenzake utaratibu upesi kuliko sisi.

Ndugu mwenyekiti, muda nimeumaliza. Naomba sasa walimu waende darasa la pili pale, kila mmoja aandike ratiba ya Jumatatu yake tangu kengele ya kwanza hadi ya kutoka, na aonyeshe saa ya kwenda chooni. Wazazi na kamati tufuatane chini ya mwembe. Madumu ya lita tano, kamba na misumari viko tayari, na tunatakiwa kufunga vibuyu chirizi sita kabla ya chakula cha mchana.