MAJI TUYALINDE, NA HAKI YA MLINZI WA MAJI TUITAMBUE

Yafuatayo ni mazungumzo juu ya kuchafuka kwa maji, yaliyotolewa mbele ya wananchi wa Zirai, Wilaya ya Muheza.



Nimepewa nafasi ya kusema nanyi juu ya maji. Huenda wako miongoni mwenu wanaojiuliza: Watu wa milimani waambiwe nini tena juu ya maji, nao wamezaliwa penye chemchemi? Kweli mvua yetu ni nyingi. Pale Amani hupimwa karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Lakini mtu anayekaa penye maji mengi ndiye anayechelewa kujua kwamba maji yake yameharibika. Mtu wa nyika akiona kisima chake kimebadilika rangi, hushtuka siku ile ile. Sisi husema, "Maji yatapita."

Ni kweli yatapita. Lakini yatapita kwenda kwa nani?

Maji ya milima hii hushuka pande mbili. Upande wa mashariki vijito hukusanyika katika mto Zigi, na Zigi huteremka mpaka bwawa la Mabayani. Maji ya bwawa hilo husafishwa kwenye mitambo ya Mowe, na ndiyo wanayokunywa watu wa jiji la Tanga. Upande wa magharibi vijito huangukia bonde la Luengera, na Luengera huingia mto Pangani karibu na Korogwe. Basi kila kitu tunachokitupa kijitoni hapa juu kimekwisha kuanza safari. Na kabla ya kufika mjini penye mitambo, kitapita kwanza kwa ndugu yetu wa chini tu hapa, ambaye huchota kwa ndoo na kunywa.

MAJI HUCHAFUKA VIPI?

Uchafu wa kwanza ni udongo. Wengi hatuuhesabu kuwa ni uchafu, kwa sababu udongo ni kitu chetu cha kila siku. Lakini tukilima mteremko bila matuta, na tukapanda magimbi, miwa na mboga mpaka ukingoni mwa kijito, mvua ya masika huuchukua udongo wote wa juu. Yale maji mekundu mnayoyaona mtoni baada ya mvua ni shamba la mtu linalokwenda zake. Mwenye shamba amepoteza mbolea yake. Tope hilo hujaza bwawa huko chini, na mitambo huhitaji shabu nyingi zaidi ili maji yawe meupe. Hasara moja imewapiga watu wawili wasiojuana.

Uchafu wa pili ni ule wa binadamu na mifugo. Choo kilichochimbwa juu ya chemchemi, mtu anayejisaidia porini, ng'ombe wanaoteremshwa kunywa mahali pale pale watu wanapochotea: haya ndiyo huleta kuhara, homa ya matumbo, minyoo na kipindupindu. Kipindupindu hakitokani na hewa mbaya wala laana. Mwaka 1854, katika mtaa mmoja wa London, daktari John Snow aliwafuatilia wagonjwa nyumba kwa nyumba, akaona kwamba waliokufa walikuwa wamekunywa maji ya pampu moja. Akawashauri wakuu wa mtaa waondoe mpini wa pampu ile, nao wakauondoa. Jambo hilo lilijulikana zaidi ya miaka 170 iliyopita. Kwa hiyo leo mtoto akifa kwa kuhara, tusiseme hatukujua.

Uchafu wa tatu ni sumu. Zamani watu walivua kwa utupa, samaki wakalewa wakaelea. Leo wako wanaotia mtoni dawa ya kuulia wadudu, wakaua samaki wakubwa, wadogo na mayai yao, kisha wakauza kitoweo hicho sokoni. Wako pia wakulima wa mboga ambao wakimaliza kupiga dawa huosha bomba lao kijitoni na kuitupa chupa papo hapo. Dawa iliyoundwa ili iue haiachi kuua kwa sababu imeingia majini.

Uchafu wa nne hutoka viwandani. Chukueni mfano wa mkonge huko chini. Katika kila kilo 100 za majani, nyuzi zinazopatikana ni kama kilo 4 tu. Zilizobaki ni maji na makapi, na makapi yakimwagwa mtoni huoza, yakamaliza hewa ambayo samaki huivuta ndani ya maji. Lakini hapo hapo pana fundisho jema. Katika miaka ya 2000, huko Hale kulijengwa mtambo wa kugeuza makapi ya mkonge kuwa gesi ya kuzalishia umeme. Kumbe kile kilichoitwa takataka kilikuwa ni mali iliyokosa akili ya kuitumia.

DHAHABU YA SAKALE

Uchafu wa tano tunaujua vizuri sisi watu wa Usambara ya Mashariki. Mwaka 2003 zilienea habari kwamba dhahabu imeonekana Sakale, kwenye vyanzo vya mto Zigi. Watu wakaja kwa maelfu, wengine kutoka mikoa ya mbali. Wakachimba kandokando ya vijito na hata ndani yake. Serikali ikawaondoa, lakini tamaa ya dhahabu haiondoki kwa siku moja, na baadhi yao wakarudi.

Simlaumu kijana anayetafuta riziki. Nataka tu tuijue bei yake. Mchimbaji mdogo, popote alipo duniani, mara nyingi hutumia zebaki. Huichanganya na mchanga katika karai, nayo hunasa dhahabu. Kisha huichoma ili dhahabu ibaki. Moshi wake huingia katika mapafu yake na ya watoto walio karibu. Zebaki inayomwagika huingia mtoni, vijidudu vya kwenye tope huigeuza kuwa sumu kali zaidi, samaki wadogo huila, samaki wakubwa huwala wadogo, na binadamu humla samaki mkubwa. Sumu hiyo hushika mishipa ya fahamu.

Huko Japani, katika mji wa Minamata, kiwanda kilimwaga zebaki baharini kwa miaka mingi. Mwaka 1956 ugonjwa wake ukatambuliwa rasmi: watu walitetemeka, wakashindwa kuona vizuri na kusema, na wengi wakafa. Kina mama ambao wenyewe walionekana wazima walizaa watoto walioharibika. Ndiyo maana mkataba wa mataifa wa mwaka 2013 wa kupunguza matumizi ya zebaki ulipewa jina la mji huo, na nchi yetu imo katika mkataba huo. Dhahabu huuzwa mara moja ikaisha. Je, mto tutaununua wapi?

MITA 60 NI SHAMBA LA MTU

Ndugu zangu, sasa nafika kwenye jambo gumu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria hiyo ni nzuri. Lakini sisi wa milimani tuna mito mingi na mashamba madogo. Mtu mwenye eka moja, akipimiwa mita 60 kutoka kijitoni, huenda akabaki na uwanja wa nyumba tu. Na watu wa milima hii hawajasahau habari za Derema, ambako wakulima waliacha mashamba yao ya iliki kwa ajili ya msitu, na fidia yake ikaleta maneno mengi.

Je, tuseme basi sheria isifuatwe? La, hasha. Kukata miti ya ukingoni kwa sababu tuna hasira ni kujikata wenyewe. Lakini pia si haki mzigo wa maji ya watu wote ubebwe na mkulima mmoja maskini, na faida yake iende kwa wengine.

Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji ya Tanga iliuza hatifungani ya shilingi bilioni 53.12 ili kupanua kazi ya maji. Maana yake, ilikopa fedha kwa umma, na mapato ya maji ndiyo yatakayolipa deni. Hilo ni jambo jema, kwa kuwa watu wa Tanga wanahitaji maji. Lakini fikirini: ikiwa mto Zigi unaweza kuaminiwa kwa mabilioni, basi aliyeulinda mto huo asionekane kama mvamizi tu. Yeye ni mshirika.

Tena si ndoto. Wako wakulima waliokwisha kuungana katika UWAMAKIZI, umoja wa wakulima wanaohifadhi mazingira ya mito Kihuhwi na Zigi, na umoja huo unashirikiana na Mamlaka ya Maji ya Tanga. Njia ndiyo hiyo. Mkulima mmoja akienda ofisini huambiwa arudi kesho. Wakulima mia wenye umoja, wenye vitabu vya hesabu na miti waliyoipanda, husikilizwa.

TUFANYE NINI?

Kwanza, yale yasiyohitaji fedha ya mtu tuyaanze sisi. Kila nyumba iwe na choo, na kiwe mbali na chemchemi na upande wa chini yake. Mahali pa kuchotea pawe mbali na pa kufulia na pa kunyweshea mifugo. Bomba la dawa lisioshwe mtoni. Mteremko ulimwe kwa matuta, na ukingoni ipandwe miti inayopenda maji na isiyoyamaliza.

Pili, kila kijiji kiweke sheria ndogo na kamati ya maji, na kina mama wawemo, maana wao ndio wachotaji na ndio wauguzi wa wagonjwa.

Tatu, tudai kwa heshima na bila woga: mkulima anayeacha ukingo asaidiwe miche, mizinga ya nyuki na maarifa ya kulima vizuri eneo linalobaki. Na kijiji kinacholinda chanzo cha maji kipate bomba lake cha kwanza, wala si cha mwisho. Ni aibu mlinzi wa kisima afe kwa kiu.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Watu wa juu na watu wa chini wameungwa na mto mmoja. Wa juu akichafua, wa chini huugua. Wa chini akimsahau wa juu, mto hukauka. Tushike wajibu wetu kwanza, kisha tusimame imara juu ya haki yetu.